Nani Amemwandika? Wasanii Huru wa Kampala na Nafasi Yao Wikipedia

Mwaka 2008, katika mtaa wa Wakaliga upande wa Rubaga jijini Kampala, alikuwepo mtu aitwaye Isaac Nabwana. Alikuwa amefyatua matofali kujipatia riziki, na tangu 2005 alikuwa akitengeneza filamu nyumbani kwake. Kompyuta aliziunganisha mwenyewe kutoka kwenye vipuri, bunduki zilichomelewa kwa mabaki ya vyuma, na waigizaji walitoka nyumba za jirani. Filamu ikikamilika, waigizaji wale wale walizichukua DVD wakazizungusha mtaani, mkono kwa mkono. Wakaliga walimjua. Sasa jiweke katika nafasi ya mhariri wa ensaiklopidia mwaka ule, uulizwe kama Nabwana anastahili makala.

Jibu la haki, kwa kanuni zinazotumika, lingekuwa hapana.

Mwaka 2010 kionjo cha filamu yake, Who Killed Captain Alex?, kikawekwa YouTube na kuvuka bahari. Ilisemekana filamu nzima imegharimu kama dola 200. Akaja Alan Hofmanis kutoka New York, akabaki kufanya naye kazi. Wakafuata waandishi wa magazeti ya nje na kamera zao. Mwaka 2019 filamu yake Crazy World ikaonyeshwa katika tamasha la Toronto, na 2021 ikatoka filamu ya hali halisi juu ya studio yenyewe. Leo mhariri anayetaka kuifuta makala ya Nabwana hatapata wa kumuunga mkono. Mtu ni yule yule na kazi ni ile ile. Kilichobadilika ni kwamba watu wasiokuwa na undugu wala deni naye walikaa chini wakaandika habari zake kwa kirefu.

Kampala imejaa wasanii walio pale alipokuwa Nabwana mwaka 2008. Wanarekodi kwa pesa zao wenyewe, wanajipigia debe wenyewe, wanalipia video kwa mchango wa marafiki. Wengi wanatamani siku mtu atakapoandika jina lao kwenye simu, makala ya Wikipedia ichomoze juu kabisa. Si majivuno tu. Mwandaaji wa tamasha aliyeko Ulaya na mtangazaji anayejiandaa kwa mahojiano huanza kutafuta hapo hapo. Ndiyo maana swali la nani anastahili makala lina uzito kuliko linavyoonekana, na ndiyo maana nadhani linafaa kujadiliwa na sisi wasomaji wa Afrika Mashariki badala ya kuachiwa wahariri wa mbali ambao mitaa ya Katwe na Wandegeya wanaiona kwenye ramani tu.

Kanuni yenyewe ni fupi. Katika Wikipedia ya Kiingereza, mtu hupata makala iwapo vyanzo vya kuaminika, visivyo na uhusiano naye, vimemzungumzia kwa kina. Mhariri hapimi uzuri wa wimbo. Hatakiwi kuusikiliza kisha atoe hukumu kama jaji wa mashindano. Anauliza nani ameandika, ameandika wapi, kwa urefu gani, na ana maslahi gani. Mtumiaji mgeni hawezi kuanzisha makala moja kwa moja mpaka akaunti yake itimize siku 4 na maharirio 10. Kabla ya hapo huandika rasimu ikakaguliwa. Makala ikitiliwa shaka hufunguliwa mjadala wa hadhara, kwa kawaida wa siku 7, na kinachoamua ni uzito wa hoja, hata kama wenye hoja ni wachache. Matoleo ya lugha nyingine, kama lile la Kiswahili lililoanza 2003 na lile dogo la Kiganda, yana wahariri wake na taratibu zake.

Mimi naiunga mkono kanuni hiyo, na nasema hivyo nikijua itawaumiza vijana wengi ambao nazipenda kazi zao. Mwaka 2005 mwandishi mkongwe wa Marekani, John Seigenthaler, aligundua kwamba makala inayomhusu katika Wikipedia ilimhusisha na mauaji ya Rais Kennedy na mdogo wake. Uongo ule ulikaa pale kwa takriban miezi minne bila mtu kuugusa. Seigenthaler alikuwa na jina, marafiki na magazeti ya kumtetea. Msanii mchanga wa Makindye, ambaye makala yake inatembelewa na watu wachache kwa mwezi, atatetewa na nani adui yake akiingia usiku na kuandika kwamba amefungwa kwa wizi, au kwamba amefariki? Makala isiyo na vyanzo haina njia ya kusahihishwa, kwa kuwa hakuna pa kuulinganishia uongo na ukweli. Kumnyima msanii makala kabla ya wakati ni kumkinga pia, ingawa yeye haoni hivyo.

Tumchukue basi msanii wa kufikirika, binti anayeimba na kupiga gitaa lake mwenyewe, mwenye nyimbo tisa mtandaoni na ukumbi mdogo unaojaa kila anapotumbuiza. Shabiki wake ameandika rasimu na kuorodhesha ushahidi. Kwanza ameweka idadi ya watazamaji wa YouTube. Hiyo haisaidii, maana watazamaji hununuliwa, na hata wakiwa wa kweli hawatuambii lolote tunaloweza kuliandika. Kisha mahojiano matatu ya televisheni. Haya yana faida kidogo, kwa sababu mwenyewe ndiye anayejieleza. Yanathibitisha alichosema, hayathibitishi kwamba ndivyo ilivyo. Kisha habari ya aya nne gazetini ikitangaza onyesho la Ijumaa, bei ya tiketi na jina la ukumbi, maneno yakifanana neno kwa neno na tangazo la promota. Hiyo tunaiweka kando. Kisha orodha ya walioteuliwa kuwania tuzo. Tunauliza tuzo gani, imetolewa na nani, imedumu miaka mingapi.

Mwisho kabisa, shabiki karibu aisahau, kuna uchambuzi wa kurasa mbili katika jarida moja la sanaa. Mwandishi wake alikwenda ukumbini bila kualikwa, akaeleza sauti ya binti yule ilivyo, ameitoa wapi, ina upungufu gani, na kwa nini mashairi yake yanawagusa wasichana wa mjini. Huyu hakulipwa na msanii. Amemsifu na kumkosoa pia. Chanzo hiki kimoja kinazidi vingine vyote kwa uzito, na vikipatikana viwili vitatu vya namna hii kutoka kwa waandishi tofauti, katika nyakati tofauti, makala itasimama. Kwa kimoja tu, mimi ningesema bado. Ningeiacha rasimu, nikijua kwamba rasimu isiyoguswa kwa miezi sita hufutwa, na ningemwambia shabiki arudi uchambuzi wa pili utakapotoka.

Tatizo ni kwamba Kampala uchambuzi wa pili hauji. Kurasa za burudani zipo na zinasomwa sana, lakini nafasi kubwa humezwa na ndoa za wasanii, ugomvi wao, magari yao na madeni yao. Mara kwa mara wasanii hulalamika kwamba bila kumpa mtangazaji kitu kidogo wimbo haupigwi redioni, na ile bahasha ya mwandishi tunaijua kuanzia Kampala hadi Dar es Salaam. Kila bahasha inapopita, chanzo kinachoitwa huru kinapoteza uhuru wake, na msanii aliyelipa anakuwa amenunua karatasi ambayo mhariri makini ataikataa.

Vigezo maalumu vya wanamuziki navyo havikushonwa kwa mwili wetu. Vinataja kushika nafasi katika chati ya taifa, kupata cheti cha mauzo ya dhahabu, kutoa albamu mbili au zaidi kupitia kampuni kubwa au lebo huru yenye historia, na kushinda tuzo kubwa. Uganda haina chati ya taifa inayotambulika kama ile ya Billboard, wala utaratibu wa vyeti vya dhahabu. Wasanii wengi hutoa wimbo mmoja mmoja. Tuzo za Pearl of Africa Music, maarufu kama PAM, zilianza 2003, zikavuma kwa miaka kadhaa, kisha zikanyamaza. Kinachobaki katika orodha ile ni lebo huru yenye historia, na hapo mlango ulifunguliwa na wageni.

Mwaka 2015 lilifanyika Jinja tamasha la kwanza la Nyege Nyege, lililoanzishwa na Derek Debru kutoka Ubelgiji na Arlen Dilsizian kutoka Ugiriki, waliokuwa wakiishi Kampala. Baadaye wakafungua lebo, Nyege Nyege Tapes. Mwaka 2017 lebo hiyo ikatoa Sounds of Sisso, mkusanyo wa muziki wa singeli kutoka Dar es Salaam, na Gulu City Anthems ya Otim Alpha.

Habari ya Otim Alpha inafaa kuelezwa taratibu. Harusi ya Kiacholi ilikuwa na larakaraka: kundi kubwa la wachezaji, vibuyu vikigongwa kwa spoku za baiskeli, waimbaji, chakula cha kuwalisha wote hao. Vita vya kaskazini mwa Uganda viliwafukarisha watu, kuleta kundi zima ikawa gharama isiyobebeka. Otim Alpha, mwimbaji wa harusini, na prodyuza Leo Palayeng wakaihamishia larakaraka kwenye kompyuta, kwa kasi ile ile na kwa midundo ile ile, ili mtu asiye na uwezo naye aoe kwa ngoma za kwao. Kuna ubunifu gani mkubwa kuliko huo? Muziki huu ulichezwa Gulu kwa miaka mingi, watu wakafunga ndoa nao, watoto wakakua nao. Lakini kwa macho ya ensaiklopidia Otim Alpha alizaliwa 2017, lebo ilipomtoa na majarida ya muziki ya Ulaya na Marekani yakamchambua. Nyumbani, wino mwingi uliomwagika juu ya Nyege Nyege ulihusu maadili, hasa 2018 Waziri wa Maadili, Simon Lokodo, alipotangaza kulipiga marufuku tamasha. Muziki wenyewe ulipata aya chache.

Sanaa za uchoraji zina kisa cha zamani zaidi kinachofanana na hicho. Jak Katarikawe, mzaliwa wa Kigezi, hakusomea uchoraji. Alikuwa dereva Kampala hadi watu wa Makerere walipoziona picha zake na kumtia moyo. Baadaye alihamia Nairobi, na huko alifariki 2018. Anayetaka kumwandika Katarikawe kwa vyanzo vya uhakika hulazimika kupitia Frankfurt, ambako mtafiti Johanna Agthe wa makumbusho ya mji ule alikusanya kazi za wachoraji wa Afrika Mashariki na kuchapisha kitabu kikubwa juu yao mwaka 1990. Namshukuru kwa moyo wote. Naumia pia kwamba kitabu hicho hakikutoka Kampala wala Nairobi.

Hata anayevuma nyumbani huweza kugonga mwamba. Mwaka 2010 Wakenya waliingiwa na wazimu wa Makmende, shujaa wa video ya kundi la Just a Band lililojitegemea kwa kila kitu. Makala yake Wikipedia ilifutwa zaidi ya mara moja na wahariri waliodhani ni upuuzi, kabla ya kukubaliwa. Mtafiti Heather Ford alikichambua kisa hicho mwaka 2011. Na msumeno huu haukati Waafrika peke yao. Mwanafizikia wa Kanada Donna Strickland alipata tuzo ya Nobel Oktoba 2018, na miezi michache kabla ya hapo rasimu ya makala yake ilikuwa imekataliwa kwa kukosa vyanzo.

Wapo wanaosema basi kanuni ilegezwe kwa ajili ya Afrika. Mwaka 2011 Achal Prabhala aliongoza mradi nchini India na Afrika Kusini kuonyesha kwamba mahojiano yaliyorekodiwa na wazee na mafundi yanaweza kuwa ushahidi. Naliheshimu wazo hilo, na kwa mambo kama mapishi, michezo na mila nadhani lina nguvu. Kwa msanii aliye hai anayetafuta soko sina imani nalo. Rafiki zake watatu watahojiwa, watasema yeye ni mfalme wa muziki, na ensaiklopidia itageuka ubao wa matangazo. Tena kuwekewa kizingiti cha chini ni namna ya kudharauliwa.

Jambo ambalo halisemwi vya kutosha ni kwamba kanuni ile ile inaruhusu mengi kuliko tunavyoyatumia. Chanzo si lazima kiwe cha Kiingereza. Si lazima kiwe mtandaoni. Gazeti la Bukedde, linalotoka kwa Kiganda tangu 1994, ni chanzo halali hata kama nakala yake ni karatasi iliyokunjwa kabatini. Kampuni ya magazeti ya Vision ilichapisha kwa miaka mingi Rupiny kwa Kiluo, Etop kwa Kiateso na Orumuri kwa Runyankole-Rukiga. Mhariri aliyeko Toronto hawezi kuzifikia kurasa hizo, na asipoziona atasema kwa nia njema kabisa kwamba vyanzo havipo. Anayeweza kumjibu ni mtu aliyepanda bodaboda hadi maktaba kuu ya Makerere, akaketi na majalada, akanakili tarehe, ukurasa na jina la mwandishi. Maktaba ya Uganda Society, ndani ya Makumbusho ya Taifa, ina Uganda Journal tangu 1934. Hapo Makerere kuna pia hifadhi ya sauti iliyopewa jina la Klaus Wachsmann, aliyekuwa msimamizi wa makumbusho na kuwarekodi wanamuziki sehemu mbalimbali za nchi miaka ya 1949 hadi 1954. Nakala za kazi yake zilirudishwa kutoka London, na msomi Sylvia Nannyonga-Tamusuza alishika usukani wa kuijenga hifadhi hiyo. Rekodi peke yake haimpi mtu makala, lakini inamfungulia mtafiti njia ya kuandika, na alichoandika mtafiti ndicho kinachohesabika.

Yapo mapengo ambayo hata maktaba haiyazibi. Munno, gazeti la Kiganda la Kanisa Katoliki lililoanza 1911, lilikuwa na mhariri padre, Clement Kiggundu. Aliuawa 1973 chini ya utawala wa Idi Amin. Mwaka 1977 aliuawa Byron Kawadwa, mwandishi wa tamthilia na mkurugenzi wa jumba la maonyesho la taifa, muda mfupi baada ya kurudi na kundi lake kutoka tamasha la FESTAC mjini Lagos. Nchi inayoua wahariri na waandishi wa tamthilia haiachi uchambuzi mwingi wa sanaa. Mhariri anayetafuta habari za mwanamuziki wa Kampala wa miaka ile na kukuta ukimya, ajue ukimya ule umetoka wapi kabla ya kuandika kwamba mtu huyo hakuwa na umuhimu.

Na ukimya mwingine umetokana na njia muziki uliyopitia. Tazama kadongo kamu, muziki wa gitaa na hadithi ndefu za Kiganda, uliokuzwa na akina Fred Masagazi na Christopher Ssebadduka, kisha Herman Basudde na Paulo Kafeero. Uliishi kwenye kaseti, kwenye vituo vya teksi, kwenye kumbi ambako wimbo uligeuzwa mchezo wa kuigiza. Kilichokuwa hadharani kila siku hakuna aliyeona haja ya kukiandika. Kanda zikachakaa. Hata Nabwana, aliye wa zama za kompyuta, alikwisha kufuta faili za mwanzo za Captain Alex ili apate nafasi ya filamu iliyofuata. Nakala iliyobaki ni ile yenye sauti ya VJ Emmie akisimulia juu yake, kwa desturi ya vibanda umiza, zile kumbi ndogo za video, ambayo Dar es Salaam iliijua kwa msimulizi Lufufu na Nairobi kwa DJ Afro.

Tuseme basi kesho mtu anamweka Basudde kwenye mjadala wa kufutwa, akidai hakuna kitu mtandaoni isipokuwa video za mashabiki. Siku 7 zinaanza kuhesabika. Mimi ningeanza na utafiti wa Nannyonga-Tamusuza juu ya jinsia, ukabila na siasa katika kadongo kamu, uliochapishwa mwaka 2002 katika kitabu cha wasomi kilichotolewa Uppsala, nione ametaja nini na kwa urefu gani. Kisha ningekwenda Makerere kuomba majalada ya Bukedde ya 1997, mwaka aliofariki, kwa kuwa kifo cha mwimbaji wa kiwango kile huwalazimisha waandishi kueleza maisha yake yote kwa mara moja. Ningenakili kila tarehe na kila ukurasa, nikatafsiri aya mbili tatu ili wasiojua Kiganda wazipime wenyewe, kisha ningeziweka mezani kabla ya siku ya saba.